Kwaresima ya Sikio Langu



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba. Majirani wameniomba mara nyingi niwaeleze yaliyonipata baada ya kupasuliwa sikio, maana wengi hudhani kwamba mgonjwa akitoka katika chumba cha upasuaji, basi amekwisha kupona. Sivyo hata kidogo. Daktari alinishughulikia kwa muda wa saa mbili tu. Lakini kupona kulinichukua majuma mengi, na majuma hayo ndiyo yaliyonifunza. Kabla ya kuyasimulia sharti niungame jambo moja.

Tangu utoto sikio langu la kushoto lilikuwa likitoka usaha. Hapa kwetu watoto wa Wagenya hujua kupiga mbizi kabla ya kujua kusoma, nami nilikua pamoja nao majini. Wazazi wangu waliambiwa, “Litakauka lenyewe atakapokuwa mtu mzima.” Halikukauka. Nikapata cheti, nikaoa, nikaanza kufundisha, na pamba i sikioni. Darasani nalisimama siku zote upande wa dirisha, ili wanafunzi wote wawe kuumeni kwangu. Watu walidhani ninapenda hewa safi. Kwa kweli nilikuwa nikificha uziwi wangu kama mtu afichavyo deni.

Katika mwaka wa 2018 nilikuwa na kijana mmoja katika darasa la tatu, aliyeketi nyuma kabisa. Nikimwuliza, hajibu; nikiamuru jambo, hutazama kwanza wenzake wanafanya nini, ndipo naye hufanya. Nikamwita mkaidi. Siku moja nilimwita mara tatu asigeuke, nikampigisha magoti mbele ya ubao mpaka kengele ya kutoka. Wenzake wakacheka wakisema kwamba sikio lake linanuka. Sikuwakataza. Nami harufu ile nilikuwa nikiijua sana, maana ndiyo harufu ya mto wangu wa kulalia.

Mwisho wa mwaka ule nilishikwa na kizunguzungu kikali, hata nikaanguka uani. Mwuguzi mmoja wa Kasongo alinimulika sikioni kwa taa yake ndogo, akaniambia, “Mwalimu, ngoma ya sikio lako ina tundu kubwa. Dawa ya matone peke yake haitaliziba. Nenda kwa daktari wa masikio.” Mdogo wangu anakaa Lubumbashi, akakubali kunipokea. Basi nikavuka Lualaba kwa mtumbwi, nikapanda pikipiki mpaka Samba, nikapanda treni. Anayeijua reli ile hataniuliza ilichukua siku ngapi.

Daktari wa Lubumbashi alikuwa mtu wa maneno machache lakini wazi. Alinieleza kwamba ngoma ya sikio ni ngozi nyembamba sana, na nyuma yake mna vifupa vitatu vidogo vinavyopeleka sauti ndani. Usaha ukikaa miaka mingi, hula vifupa hivyo. Tena huweza kula mfupa ulio nyuma ya sikio, ukafika kwenye mshipa unaoendesha uso, au hata kwenye ubongo. Akasema, “Kazi yangu ya kwanza ni kulikausha sikio lako na kuliziba tundu, ili ugonjwa usiendelee kukula. Kusikia ni kazi ya pili. Pengine utasikia vizuri zaidi, pengine kidogo tu. Usiniombe zaidi ya hapo.” Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Upasuaji wa namna hii si wa kale sana. Ulienea tangu miaka ya 1950, kwa kazi ya madaktari wawili wa Ujerumani, Horst Wullstein na Fritz Zöllner, waliotumia darubini ya kukuzia vitu vidogo. Daktari hukata ngozi nyuma ya sikio, huchukua utando mwembamba unaofunika msuli ulio juu ya sikio, akauweka mahali pa tundu kama fundi atiavyo kiraka. Kiraka hicho hakishonwi. Hushikwa na sponji laini inayoyeyuka yenyewe polepole, na sikio hujazwa utambi wenye dawa. Tangu hapo kazi si ya daktari tena. Ni mwili wa mgonjwa unaokipokea kiraka, na ni mgonjwa mwenyewe anayekilinda au kukiharibu.

Nilipasuliwa siku ya Alhamisi, tarehe 7 Machi 2019, siku moja baada ya Jumatano ya Majivu. Daktari alihesabu majuma sita juu ya kalenda ya ukutani, akaweka kidole juu ya Alhamisi Kuu. “Mpaka siku hii,” akasema, “usiruhusu tone la maji kuingia sikioni.” Hivyo Kwaresima ya Kanisa ikawa pia Kwaresima ya sikio langu.

Nataka kuwaambieni siku za kwanza zilivyokuwa, ili anayekwenda asiogope bure. Nilipozinduka kutoka usingizi wa dawa, kichwa kilikuwa kimefungwa bendeji kama kilemba, nikatapika mara mbili. Kitanda kilionekana kuzunguka kila nilipogeuza kichwa. Hali hiyo ilipungua siku ya tatu. Maumivu hayakuwa makali kama nilivyotazamia, ila nilipotafuna chakula kigumu taya liliuma, nikala uji na ndizi laini. Pamba ya nje ililowa maji mekundu mepesi, nasi tuliibadili kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Mlikuwa na mlio ndani ya sikio, mara kama nyuki, mara kama mafuta yanayokaangwa. Upande wa kushoto wa ulimi ulikuwa na ladha ya chuma, kama niliyeramba msumari. Sista muuguzi alinieleza kwamba mshipa mdogo wa ladha hupita nyuma ya ngoma ya sikio, nao huguswa wakati wa kazi. Kwa watu wengi ladha hurudi baada ya majuma au miezi. Sehemu ya juu ya sikio ilikufa ganzi, hata kitana kikinigusa sikukisikia. Nayo hurudi polepole.

Jambo lililonitisha kuliko yote ni kwamba sikio lile halikusikia chochote. Kabla ya kupasuliwa lilisikia kidogo, sasa, kimya. Usiku nilijilaumu: “Nimetumia akiba ya miaka kununua uziwi kamili.” Asubuhi Sista akacheka kwa upole. “Mwalimu, nyumba yako imejaa pamba na utambi mpaka mlangoni, nawe unauliza kwa nini wageni hawaingii?” Ndugu zangu, likumbukeni neno hilo. Kimya cha majuma ya kwanza si ishara kwamba kazi imeharibika. Mlango umefungwa kusudi.

Masharti niliyopewa yalikuwa mepesi kwa mdomo, mazito kwa mwili. Nisipenge kamasi, maana hewa ya puani hupanda kwa njia iliyo kati ya koo na sikio, nayo ingekisukuma kiraka kitoke mahali pake. Nikipiga chafya, nipige kwa mdomo wazi. Nisijikaze chooni, nisibebe gunia wala ndoo. Nilale kichwa kikiwa juu kidogo, nikiliegemea sikio zima. Nimeze dawa mpaka ziishe, hata nikijiona mzima. Wakati wa kunawa uso au kuoga, niweke pamba iliyopakwa vazelini mlangoni mwa sikio. Tena nisitie kitu kingine chochote.

Sharti hilo la mwisho karibu linishinde. Baada ya nyuzi kutolewa, kwenye siku ya tisa, sikio lilianza kuwasha vibaya sana. Kuwasha huko ni dalili ya kupona, lakini mwenye kuwashwa hajali dalili. Mama mmoja mzee, jirani ya mdogo wangu, akaniletea mafuta ya mawese yaliyopashwa moto pamoja na majani. Akaniambia, “Mwanangu, matone matatu tu, utalala kama mtoto.” Alisema kwa upendo. Nami nikashika kile kikombe.

Ndipo nikamkumbuka jirani yangu wa kitanda hospitalini. Alikuwa fundi seremala, mtu mzima, aliyekuja kupasuliwa sikio lile lile kwa mara ya pili. Mara ya kwanza kiraka kilishika vizuri. Lakini katika juma la nne alijiona mzima, akajimwagia maji kichwani kwa ndoo, kisha akatia mafuta ili kuyakausha maji. Usaha ukarudi, kiraka kikaoza. Aliniambia, “Ndugu, mimi nililipa mara mbili kwa ndoo moja ya maji.” Basi nikamrudishia mama kikombe chake kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikamwambia kwamba daktari amenifunga. Hakukasirika. Wazee wetu hawakasiriki ukiwaeleza kwa heshima.

Katika juma hilo hilo nilitamani sana kurudi kazini. Mwenzangu mmoja alikuwa akifundisha madarasa mawili kwa ajili yangu. Mdogo wangu akasema, “Kaka, nitakukatia tiketi ya ndege mpaka Kindu.” Daktari akakataa katakata. Ndege ikipanda na kushuka, hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio hutanuka na kusinyaa. Kiraka kibichi huweza kung’oka. Nikabaki. Kwa hiyo, yeyote anayefanya hesabu ya fedha za upasuaji wa sikio, na ahesabu pia chakula na malazi ya majuma sita karibu na daktari. Asiyehesabu hayo hulazimika kusafiri kabla ya wakati.

Sasa nisimulie jambo la siku moja. Shemeji yangu aliniita nile. Aliita kutoka upande wangu wa kushoto, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mimi nilikuwa nikitazama kitabu, sikusikia kitu. Watoto wake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, nami nikamwona midomo yake akisema, “Baba mkubwa ana kiburi.” Niligeuka, nikaona nyuso zote zinanitazama, nami sijui kosa langu ni nini.

Sikuweza kula. Mbele ya macho yangu nilimwona yule kijana wa darasa la tatu, magoti yake juu ya sakafu, naye akitutazama vivyo hivyo. Mimi niliyelijua sikio bovu kuliko mtu yeyote wa Nyangwe, ndimi niliyempa adhabu kwa ajili ya sikio bovu. Nilimwadhibu kwa siri ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiificha kwa pamba. Jumamosi ile nikaenda kuungama. Padri akaniambia kwamba malipizi yangu hayako Lubumbashi, yananingoja Nyangwe.

Mwishoni mwa juma la tatu daktari alitoa utambi. Hatauma sana, lakini kizunguzungu hurudi dakika chache. Mara sauti ziliingia, kali na za ajabu: kijiko juu ya sahani kilinishtua kama bati lililoanguka. Hata hivyo maneno ya watu yalikuwa bado mazito, kama ya mtu anenaye ndani ya mtungi, maana sponji ya ndani ilikuwa haijaisha kuyeyuka. Daktari alitazama, akasema kiraka kina rangi nzuri, kinapata damu. Aliongeza kwamba kati ya wagonjwa kumi, wanane au tisa hivi kiraka chao hushika. Nami niendelee kushika masharti.

Alinikumbusha pia mambo ambayo mgonjwa asingoje hata siku moja, bali arudi hospitali mbio: homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha wenye harufu mbaya, damu nyingi, uso kulegea upande mmoja, jicho lisifumbe au mdomo uende upande, kizunguzungu kikali pamoja na kutapika baada ya siku za kwanza, shingo kukakamaa na kichwa kuuma sana. Yaandikeni hayo, myabandike ukutani.

Siku ya Alhamisi Kuu, tarehe 18 Aprili, daktari alimulika kwa mara nyingine, akasema neno moja: “Pakavu.” Maisha yangu yote sikio lile halikuwahi kuwa kavu. Siku ya Pasaka nilikwenda katika Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Watu walipoimba, sikusikia muujiza. Kushoto kulikuwa bado na ukungu. Lakini ulikuwa ukungu wa alfajiri, si giza.

Nilirudi kwa treni. Pale Lualaba nilivuka na pamba sikioni na kitambaa kichwani, watoto wakirusha maji pembeni mwa mtumbwi, nami nikiwapigia kelele kama mama mwenye kuanika unga. Nyangwe yetu imejulikana kwa soko lake tangu Livingstone alipofika mwaka 1871, na pia kwa damu iliyomwagwa sokoni mwezi wa Julai mwaka ule. Siku niliyorudi ilikuwa siku ya soko. Makelele ya wanawake wenye samaki na mihogo yaliniingia pande zote mbili, ikanibidi niketi chini ya mti.

Jumatatu niliingia darasani. Sikusimama dirishani. Niliwaeleza wanafunzi habari za sikio langu, nikawaonyesha kovu. Kisha nikamwita yule kijana, nikiwa nimemkabili uso kwa uso ili aone midomo yangu, nikamwomba msamaha mbele ya wote waliomwona akipiga magoti. Alitazama chini, akasema, “Ndiyo, Mwalimu.” Nikamketisha mbele. Jioni nikaenda kwa baba yake. Tukampeleka kijana kwa mwuguzi wa Kasongo, akafundishwa kukausha sikio kwa utambi safi wa kitambaa na kutia matone ya dawa ya hospitali kila siku. Kwa bahati tundu lake lilikuwa dogo. Baada ya majuma machache usaha ulikoma, na tundu likajiziba lenyewe. Hakuhitaji kisu. Laiti mtu angalinifanyia mimi hivyo nilipokuwa na umri wake!

Wakati wa likizo ya Julai nilirudi Lubumbashi kupimwa kusikia, maana kipimo cha kweli hufanywa miezi mitatu au zaidi baada ya upasuaji. Sikio la kushoto limepata sehemu kubwa ya kusikia, ila halikulifikia la kuume. Daktari alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Mpaka leo nikienda mtoni naweka pamba yenye vazelini, wala sipigi mbizi tena.

Wazazi, sikio la mtoto likitoka usaha kwa majuma mawili, msingoje akue. Mpelekeni kwa mwuguzi. Msitie njiti, wala mafuta, wala maziwa. Walimu wenzangu, mtoto asiyejibu, tazameni kwanza masikio yake kabla ya kumwita mkaidi. Shirika la Afya Duniani limehesabu watu zaidi ya milioni 430 wanaohitaji msaada kwa sababu ya kupungukiwa na kusikia, na milioni 34 kati yao ni watoto. Baadhi yao wameketi nyuma kabisa katika madarasa yetu.

Injili ya Marko yatusimulia jinsi Bwana wetu alivyomponya kiziwi katika nchi ya Dekapoli. Kwanza alimtenga na makutano, akawa naye peke yake. Ndipo alipomtia vidole masikioni. Zamani nilikuwa nikijiuliza kwa nini alimtenga. Sasa nadhani najua kidogo. Mimi nilitengwa majuma sita mbali na darasa langu, na katika kimya kile kilifunguka kitu kingine kilichokuwa kimeziba kuliko sikio.